Mahindi Ukutani

Niliulizwa swali moja tu, siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana, nami nikajibu: "Ndiyo, Bwana Prefe." Mkuu wetu wa shule, ambaye huku Kamina tunamwita prefe, hakunitisha wala hakupiga meza. Alinivutia kiti, akanimiminia munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi chenye uchachu kidogo, katika bilauri yake mwenyewe. Akanieleza alichotaka, kisha akaongeza maneno ambayo mpaka leo hunichoma kuliko yote: "Banza, kama unaona haina muzuri, uniambie. Minyi sitakasirika." Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema hapana, nikamaliza munkoyo wangu na kurudi kazini, na pengine yeye mwenyewe angenishukuru. Nikasema ndiyo. Alitaka niondoe fishi thelathini na saba kwenye katalogi ya maktaba, pamoja na punje thelathini na saba za mahindi zilizobandikwa ukutani. Fishi ni kadi ndogo. Kila kitabu kina yake, imeandikwa jina la kitabu, mwandishi, mji kilipochapwa, mwaka na namba. Habari ya mahindi nitaieleza, maana hiyo ndiyo sehemu niliyoifurahia.

Mwezi uliopita mwanamke wa makamo aliteremka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yangu, mfuko mgongoni, akawauliza watoto wa jirani kama hapo ndipo kwa Banza wa maktaba: "Kwa Baba Banza ya bibliothèque njo hapa?" Watoto walimjibu kitu kuhusu kofia yangu, naye akacheka, mabega yakitikisika kwanza na sauti ikifuata baadaye. Nikasimama. Duniani nimemjua mtu mmoja tu aliyecheka hivyo, Salumu, rafiki yangu wa ujanani, na huyu alikuwa binti yake, Mwamini. Alikuja kuniambia kwamba baba yake amefariki huko Kindu, kwa amani, baada ya kula vizuri na kulalamika kwamba wali una mawe. Tukala bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, maana msiba haumzuii mgeni kuwa na njaa. Mwamini anafanya kazi ya maktaba katika chuo kimoja huko Lubumbashi. Alikuwa amepiga picha fishi zote za maktaba yetu ya zamani, ambazo shule bado inazo katika makasha, akaingiza maneno yake moja moja katika kompyuta ili mashine ichore vitabu vyote kwa pamoja, kila kitabu nukta moja. Alisogeza sahani, akafungua kompyuta, na mbele yangu ukatokea ukuta wetu. Nukta nyeupe, nyekundu na za manjano zilikuwa zimesimama safu kwa safu, nyingine fupi, nyingine ndefu. "Papa njo alichagula rangi," akasema. "Français nyeupe, Kiluba nyekundu, Kiswahili manjano. Na Kilatini aliniambia nichore maharagi. Sikujua kama anacheka ao eko sérieux." Nikamwambia hakuwa anatania, alikuwa sérieux kabisa.

Mwaka ule wa mahindi nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nina diploma iliyokunjwa mara nne mfukoni na sina kazi. Maktaba ya shule ilikuwa chumba kirefu kilichokuwa bweni zamani. Kwenye sementi uliona bado alama za miguu ya vitanda, nasi tulipanga meza juu ya alama zile ili zisiyumbe. Mkubwa wake alikuwa Frère Anselme, bruda mzee mzaliwa wa hapahapa, mnene, kiziwi wa sikio moja. Ofisi ya prefe ilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, naye Frère aliweka kiti chake ili sikio bovu lielekee huko. "Mungu alijua nitakaa wapi," alisema. Alikuwa ametuchukua vijana wawili kwa majaribio, mimi na Salumu, na tangu siku ya kwanza tuliambiwa kwamba mwisho wa mwaka atabaki mmoja. Tulilijua hilo kama watu wanavyojua kwamba mvua itakuja: hatukulizungumza. Salumu alikuwa mtoto wa wafanyabiashara Waislamu, watu ambao mababu zao walifika kutoka Maniema kwa njia za zamani za biashara, na duka lao lilikuwa karibu na gare, kituo cha treni. Mama yake alimfungia wali wa nazi ya kukopakopa, yaani nazi ikikosekana alitia karanga. Mimi nilileta bukari na samaki wa kukauka. Saa sita tulibadilishana vyakula, na Frère Anselme, ili asimwonee mtu, alikula kwa wote wawili.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza katalogi upya, kwa kuwa mtu fulani aliwahi kuangusha makasha yote na kurudisha fishi kama zilivyookotwa. Miezi miwili tuliandika na kupanga. Tulipomaliza, Frère aliuliza swali rahisi: "Basi, tuko na nini humu?" Tukatazamana. Tulijua kila fishi, ila hatukujua jibu. Salumu akafungua droo moja, akafungua nyingine, akakuna kichwa. "Frère, tiroir inaficha. Ukifungula moja, ile ingine iko imefungwa. Ingefaa tuone zote mara moja, sawa vile mutu anaona shamba." Kesho yake alifika na magunia madogo mawili kutoka dukani kwa baba yake: mahindi meupe, na mchanganyiko wa manjano na mekundu kutoka Kaniama. Alipika gundi ya unga wa muhogo, akachora mistari kwa mkaa kwenye ukuta mrefu, akaandika chini yake majina: Dini, Shule, Historia, Dawa, Ukulima, Hadithi. Mimi nilisoma fishi kwa sauti, yeye akabandika punje. "Maisha ya mtakatifu fulani, Kifaransa." Nyeupe, kwenye Dini. "Sarufi ya Kilatini." Haragi, kwenye Shule. Tulicheka siku nane mfululizo. Siku ya tisa tulirudi nyuma mpaka mlangoni, tukatazama, na kicheko kikapungua. Safu ya Dini ilikuwa imefika kwenye boriti. Historia ilikuwa ndefu pia, lakini nyeupe tupu, na mimi niliyeisoma nilijua ni wafalme wa Ulaya tu. Ukulima, katika nchi hii ambayo hata mwalimu wa hesabu ana shamba, ulikuwa na punje kumi na nne. Manjano na nyekundu zilionekana hapa na pale, kama kuku waliopotea njia.

Habari ilienea, na watu walianza kuja kuangalia. Hawakuja kusoma, walikuja kuona mahindi ya Frère. Nakumbuka hasa Tata Kalenga, mkulima Mkatoliki wa upande wa barabara ya Kaniama, aliyekuwa akituletea viazi vitamu. Alivua kofia, akapita mbele ya ukuta pole pole kama mtu anayekagua shamba la jirani, akasimama chini ya safu ya Dini. "Eyo vidye," akasema kwa heshima yetu ya Kiluba. "Mahindi ya Mungu imekomaa muzuri." Kisha akafika kwenye Ukulima, akainama. "Na hii ya shiye balimaji? Ilikosa mvua?" Frère Anselme alicheka mpaka akashika meza. Tata Kalenga hakucheka. "Kwangu kuko cahier," akasema, yaani daftari. "Nyanya yangu alitamka, mutoto wa dada yangu akaandika. Mbegu gani inapandwa wapi, na majina ya ile mabonde yote. Haina kitabu ile?" Alikuwa anauliza kama hicho nacho si kitabu. Salumu alinitazama, nami nikamtazama. "Iko kitabu, Tata," Salumu akajibu. "Lete."

Basi wakaleta. Wakulima walileta madaftari ya shule yaliyojaa Kiluba, mengine yananuka moshi wa jikoni. Familia za Waislamu, Salumu akiwa amepita nyumba kwa nyumba, zilileta vitabu vidogo vilivyoshonwa kwa uzi, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu: safari, dawa, nasaba, barua za kuomba mke. Cha babu yake mwenyewe kilikuwa humo. Mimi sikuweza kusoma herufi zile, kwa hiyo Salumu alisoma kwa sauti nami niliandika fishi. Kwenye nafasi ya mwandishi mara nyingi hapakuwa na kitu cha kuandika, wala mji, wala mwaka. Tukabuni utaratibu wetu: badala ya mwandishi tuliandika nyumba. "Kwa Tata Kalenga, njia ya Kaniama, mti wa tatu baada ya daraja, alitamka nyanya yake." Tulitoa namba 804 mpaka 840. Punje za manjano na nyekundu zikapanda, na kila aliyeleta daftari alibandika punje yake mwenyewe. Mama mmoja alileta punje kutoka nyumbani kwa sababu zetu, alisema, zilikuwa ndogo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kuchekesha, na lilikuwa kosa la watu wanaoishi kwa muhogo na mahindi. Ukuta wetu ulikuwa chakula. Asubuhi moja tulikuta safu ya Dini imeliwa kutoka chini mpaka urefu wa paja. "Munaona?" akasema Frère Anselme. "Hata panya anatafuta Mungu." Ilibidi tuhesabu fishi zote za Dini upya, na mara hii Salumu alitia pilipili katika gundi. Panya hawakurudi. Ila siku mbili baadaye prefe alikuja kuonyesha ukuta kwa walimu, akagusa safu kwa kidole kuonyesha urefu wake, kisha akajifuta jicho. Juma zima wanafunzi waliamini kwamba prefe analia kwa sababu ya matokeo ya mtihani, wakasoma kwa bidii ajabu. Tulikuwa pia na shida ya vitu vilivyowekwa rafuni bila utaratibu, kiatu, kitabu cha nyimbo, chupa. Mimi nikaandika mlangoni kwa rangi, kwa herufi kubwa: KISICHO NA FISHI SI KITABU. Wanafunzi waliipenda sana. Waliandika fishi wakaifunga shingoni mwa mbuzi wa misheni: "Jina: Mbuzi. Mwandishi: Frère Anselme. Namba: moja." Frère aliiweka ile fishi katika droo, kwenye Hadithi. Mwamini aliipiga picha pamoja na nyingine. Katika kompyuta yake mbuzi yule ni nukta kama vitabu vingine.

Ndipo habari ikaja kwamba mgeni atafika kutoka Lubumbashi Jumatano, mtu wa kuamua kama shule yetu itapewa rafu za chuma na vitabu vipya. Salumu alikuwa amekwenda Kaniama kwa lori la mahindi kuchukua daftari la katekista mmoja mzee, na angerudi baada ya siku chache. Jumanne prefe akaniita. Nimeshasema habari ya kiti na munkoyo. "Mugeni atafungula tiroir," akasema. "Ataona fishi bila auteur, bila mwaka, bila mji. Mti wa tatu baada ya daraja! Atasema hii haina bibliothèque, iko soko. Toa zile. Na mahindi yake." Kisha, akiangalia dirishani: "Kazi iko moja, unajua. Frère anawapenda bote babili. Minyi njo nitasaini." Hapo ndipo aliposema nimwambie kama ninaona vibaya. Nataka kuwa mkweli: sikuona vibaya. Niliona kiti cha Frère Anselme, na mimi nimekikalia.

Nilitoa fishi moja moja, nikazifunga kwa uzi, nikazitia katika mfuko wangu. Nilibandua punje kwa kisu, na kwa sababu ya pilipili macho yaliniwasha, nikamwambia Frère ni vumbi. Madaftari niliyatia katika katoni, nikaiweka stoo nyuma ya madawati yaliyovunjika. Nia yangu, naapa, ilikuwa kuyarudisha Alhamisi. Jumatano mgeni alikuja, akafungua droo, akasifu. Alhamisi prefe alisaini karatasi yangu. Alhamisi hiyo nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hana haraka. Ijumaa nilinunua shati. Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya usafi kwa shule nzima, nami nililala mpaka jua limepanda. Wanafunzi walifika stoo, wakafungua katoni, na kwa kuwa walikuwa watoto wazuri, waliofundishwa, walitafuta fishi ya kila daftari kwenye droo. Hawakuiona hata moja. Walisoma maneno yangu ya mlangoni. Wakabeba karatasi zote mpaka gare, kwa mama wauza karanga, ambao daima wanatafuta karatasi ya kufungia.

Jumatatu Salumu aliingia maktaba akiwa bado na vumbi la Kaniama katika nyusi. Aliweka mezani koni ya karanga. "Kula, nduku yangu. Iko ya moto." Nilikula, tukizungumza habari za safari, alinieleza lori lilivyokwama na jinsi katekista alivyombariki mara tatu kwa sababu alisahau kama amekwisha kumbariki. Nilicheka. Koni ilipokwisha akaikunjua, akainyoosha kwa kiganja mbele yangu. "Sasa soma sahani." Ilikuwa herufi za Kiarabu. Nikamwambia anajua kwamba siwezi kuzisoma. "Minyi naweza," akasema. "Iko babu yangu. Hapa anasema vile alifika huku mara ya kwanza, na mutu ya kwanza kumupa maji alikuwa mwanamuke Muluba, na hakujua namna ya kumwambia asante." Alitoa karatasi nyingine mfukoni, zimejaa mafuta ya karanga. Alikuwa amenunua koni zote alizozikuta, akaokoa kurasa kumi na moja, na wauzaji walikuwa wamemwambia watoto walivyosema: hazina fishi. Hakupandisha sauti. "Nani alitoa fishi?"

"Prefe," nikasema.

"Prefe alifungula tiroir kwa mikono yake?"

Nyuma ya ukuta wa mbao prefe alikohoa.

"Na fishi iko wapi? Tukiwa na fishi tutarudia kwa zile nyumba. Bazee bangali bazima. Batatamka tena, tutaandika tena."

Mfuko wangu ulikuwa miguuni pangu, fishi thelathini na saba ndani yake. Kuzitoa kungemwonyesha kwamba ni mimi, si prefe, na kwamba nimedanganya dakika moja iliyopita. "Zilichomwa," nikasema. Salumu alikunja karatasi zake, akamuaga Frère Anselme kwa sikio zuri, na juma lile akapanda treni. Hatukuonana tena.

Haya yote nilimweleza Mwamini mwezi uliopita, kwa sababu aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta na kusema, "Hapa, Baba Banza, kuko shimo. Namba inatoka 803 inaruka 841. Nilimuuliza Papa. Alicheka, akasema: Banza atakwambia yeye mwenyewe." Kumbe mambo ya mahindi, ya panya na ya mbuzi alimsimulia tangu utoto, na lile la kwangu hakulisema hata siku moja. Aliniachia. Niliingia chumbani, nikavuta mkebe wa maziwa ya unga ulio chini ya kitanda, nikamletea fishi, zimefungwa kwa uzi uleule. Alizisoma moja moja, pole pole. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Salumu alirudi Kamina mara tatu. Alitembea vijiji kwa baiskeli akitafuta waliotoa madaftari, ili wasimulie upya. Kwa kichwa chake alikumbuka nyumba kumi na tisa, akaandika upya waliyosimulia. Kumi na nane hakuzikumbuka zilipo, hata nyingine za watu aliowajua kwa jina, akaendelea kuwauliza watu mpaka uzee. "Hizi njo zenyewe," akasema Mwamini, akizitenga zile kumi na nane mezani. "Mti wa tatu baada ya daraja."

Asubuhi tulichukua pikipiki mbili. Daraja lipo, mti haupo. Kwa Tata Kalenga tulimkuta mjukuu anayetengeneza baiskeli, mtu mchangamfu, akatukaribisha munkoyo. Majina ya mabonde? "Bonde ni bonde, Baba," akasema, akacheka. Tulifika nyumba tano siku ile, tukanywa munkoyo kila mahali, na kila mahali waliojua walikuwa wamekwisha kuzikwa. Jioni Mwamini aliingiza fishi zangu katika kompyuta. Kwa kuwa vitabu vyenyewe havipo, alizichora kama duara tupu, zisizo na rangi ndani. "Tuite nini hizi?" akauliza. "Magunzi," nikamwambia, mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa. Mabega yake yakatikisika kwanza, kicheko kikafuata, na kwa kitambo kidogo nilikuwa na rafiki yangu mezani.

Kazi ile niliipata, na niliifanya mpaka nilipostaafu. Ilinigharimu Salumu, ambaye mara tatu alipita katika mji huu bila kugonga mlango wangu. Na wazee wa nyumba kumi na nane walikufa bila kuulizwa mara ya pili, wakati anwani zao zilikuwa ndani ya mkebe, chini ya kitanda changu.